Kutoka Uani Hadi Msituni

Mkazi wa Mabibo hana faragha, wala aghalabu hakulelewa kuitazamia. Vyumba vya kupanga vimepangwa vikitazamana kwenye korido moja, na ugomvi wa mume na mke wa chumba cha tatu husuluhishwa na chumba cha kwanza kabla balozi hajaitwa. Alfajiri malori huwa yamekwisha kushusha mikungu pale Mahakama ya Ndizi, makuli wakiitana kwa sauti za watu waliokesha, na usiku kucha Barabara ya Mandela haikomi kupitisha makontena yatokayo bandarini. Katika maisha ya namna hiyo, tamaa ya kukaa peke yako, pasipo jicho la jirani wala sikio la mpangaji mwenzio, si anasa ya matajiri kama wengi wadhaniavyo, bali ni haja ya nafsi kama ilivyo haja ya usingizi. Na ndiyo maana baadhi ya vijana wa mitaa hii, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na wa hosteli ya Chuo Kikuu iliyo hapa hapa, hufunga mabegi yao siku ya Jumamosi wakaenda kulala msituni ndani ya mahema.

Sura zilizotangulia zimemshughulikia mtembezi huyo: viatu vyake, maji yake, kamba zake na woga wake wa nyoka. Sura hii yamhusu mtu mwingine, ambaye mtembezi akienda mbali vya kutosha hana budi kupita karibu na kazi yake; mtu aliyelitafuta bonde lile lile na kijito kile kile, lakini si kwa kupumzika, bali kwa kupanda bangi mahali ambapo serikali haitaiona. Simwandiki ili nimfunze mtu kazi hiyo, maana ni jinai katika nchi yetu, na mahakama zimekwisha kuwapa watu vifungo vya miaka 30 kwa ajili yake. Wala simwandiki ili nimlaani, kwa kuwa walaani wake ni wengi na hawana haja ya msaada wangu. Namwandika kwa sababu watu husema bangi ni mmea wa porini, wapenda mapori na watu wa mapori, ilhali ukiitazama historia yake kwa makini utaona kwamba haikwenda msituni kwa hiari yake. Ilifukuzwa uani.

Njia ya karibu kabisa ya kutoka Mabibo kwenda porini ni kuufuata mto Msimbazi kwa kuupanda. Mto huo, ambao wengi huujua kwa mafuriko ya Jangwani na kwa harufu yake wakati wa kiangazi, waanzia vilima vya Pugu na kuishia baharini penye Daraja la Salenda, mwendo wa kilomita 35 hivi. Na mtu akiteremka kutoka Mabibo kuelekea upande wa Kigogo atakuta kingo zake zimelimwa matuta ya mchicha, matembele na bamia, yakinyweshwa kwa maji yale yale ambayo wataalamu wamekwisha kutuonya mara nyingi juu ya risasi na kromu zilizomo. (Tunaendelea kuyala, na mimi nimo miongoni mwa walaji.) Nyuma ya matuta yamesimama matete marefu, na ndani ya matete mna vijiwe, ambako huvutwa kile ambacho polisi katika taarifa zao hukiita misokoto na vijana hukiita ndumu, msuba, au, kwa heshima ya mahali kinapodhaniwa kutoka, cha Arusha. Wavutaji wanaamini wamesitirika. Lakini mama mwenye matuta anawajua mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, anajua saa ya kuja na saa ya kuondoka, na akikosa kumwona mmoja kwa siku mbili huuliza kama anaumwa. Sitara ya matete ni ya kuelewana tu.

Ukiendelea kupanda mto, ukaipita Tabata, ukaipita Kinyerezi, mwishowe waingia vilima vya Pugu, na huko mambo hubadilika. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani iliyokuwa imetanda katika ukanda huu kabla ya shoka na panga. Ndani yake yuko komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, yapenya vilima hivi. Mapango ya machimbo ya kaolini yamegeuka makao ya popo, nao hutoka jioni kwa maelfu. Na ni katika shule ya Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha hadi mwaka 1955, alipolazimika kuchagua baina ya chaki na siasa. Ni mahali pa fahari pa kulala hemani, karibu na mji, na mtu akilipa kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu hana wa kumsumbua.

Walakini mgeni anayedhani kwamba amefika mahali pasipokanyagwa na mtu, na ageuze macho yake chini. Mbali kidogo na njia kuu ataona duara la ardhi nyeusi, pana kama sakafu ya chumba, lisiloota hata jani. Pembeni gogo lililoungua nusu, kidumu cha lita tano kilichokatwa mdomo ili kitumike kama bakuli, na kandambili moja iliyokatika mkanda ikafungwa kwa waya, kisha ikakatika tena na kutupwa. Hilo ni tanuri la mkaa lililokwisha kufunguliwa. Mchoma mkaa huyo alichagua mahali pale kwa hoja zile zile alizozitumia mtembezi: kivuli, maji, umbali kutoka barabarani, na kutoonekana. Wote wawili wameitaka nchi iwape kitu kimoja, na nchi, isiyobagua, imewapa wote. Tofauti ni kwamba mmoja ameondoka na picha na mwingine ameondoka na magunia, ambayo huenda yakawa ndiyo yaliyopika chai ya yule wa kwanza kule Mabibo.

Sasa turudi kwenye mmea wenyewe. Wajuzi wa mimea wanakubaliana kwamba bangi ni mfuasi wa binadamu. Hupenda udongo ulioshiba, karibu na majalala, mazizi na nyuma ya majiko, na kwa karne nyingi hapakuwa na sababu ya kuipanda kwingine. Katika pango la Lalibela nchini Ethiopia wachimbuzi walipata viko vya maji vya karne ya 14 vyenye mabaki ya mmea huu, jambo linalotubainishia kwamba Afrika ya Mashariki iliivuta muda mrefu kabla tumbaku haijavuka bahari kutoka Amerika. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani yetu kwenda Ziwa Tanganyika kuanzia mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake London mwaka 1860, aliitaja bangi na viko vyake vya maji kama mambo ya kila siku ya watu aliowakuta njiani, tena bila kuhitaji kupenya kichaka chochote ili kuyaona.

Habari ya ajabu zaidi yatoka Kasai, katika Kongo. Huko, katika nusu ya pili ya karne ya 19, watu wa Kalamba Mukenge waliyateketeza matalasimu yao ya zamani, wakaacha vita baina yao, na wakaifanya bangi kuwa kifungo cha udugu, wakijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Waliivuta hadharani, katika uwanja wa kijiji, kwa kiko kimoja kikubwa kikizunguka, na mwenye hatia aliadhibiwa kwa kulazimishwa kuivuta hadi azimie. Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, waliwafikia mwaka 1881, na huyo Wissmann akaendelea kuelekea mashariki mpaka akatokea Saadani mwaka uliofuata. Ni Wissmann yule yule aliyerudi pwani yetu mwaka 1889 na askari na mizinga, akavunja vita vya Abushiri bin Salim, na mwezi wa Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Sidai kwamba watu wa Kalamba walikuwa malaika, wala kwamba dini yao ilikuwa njema. Nasema tu kwamba mtawala aliyekuja kuwatia watu wa pwani kitanzini alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kiko kile, na hakukitaja kama siri ya msituni, kwa maana hakikuwa.

Mmea ulianza kufichwa pale ulipoanza kukatazwa, na katazo kubwa halikutoka kwetu. Katika mkutano wa Geneva uliomalizika Februari 1925, ulioitishwa kwa ajili ya afyuni, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama kueleza madhara ya hashishi katika nchi yake, na kwa juhudi yake bangi ikaingizwa katika mapatano. Makoloni, yakiwamo ya Waingereza, yakaifuata Geneva kwa sheria zao. Ukaja Mkataba wa Pamoja wa mwaka 1961, ulioyataka mataifa yakomeshe hata matumizi ya jadi katika muda wa miaka 25. Tanzania ilitunga Sheria Na. 9 ya mwaka 1995, kisha ikaibadili kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyoizaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya tunayoisikia leo redioni. Kila sheria ilipokaza uzi, shina moja lililokuwa nyuma ya jiko, kwa ajili ya mzee mwenye kikohozi au kuku wenye kideri, likawa ni hatari kwa mwenye nyumba. Na aliyeihitaji bangi, ama kwa kuvuta ama kwa kuuza, akaipeleka mbali na nyumba. Alipoipeleka mbali hakupanda shina moja. Mtu hapandi mlima kwa muda wa saa tano kwa ajili ya shina moja.

Ikaenda milimani. Leo ukitaja Kisimiri Juu, katika Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wengi watakumbuka operesheni za Mamlaka, magunia yaliyochomwa na mashamba yaliyofyekwa. Wachache watakumbuka kwamba shule ya sekondari ya Kisimiri ndiyo iliyoongoza nchi nzima katika matokeo ya kidato cha sita mwaka 2016. Ukitaja Tarime, watakutajia bonde la Mto Mara. Ukitaja Morogoro, watakutajia Mbakana na vitongoji vya Uluguru ambako gari halifiki, na askari wenyewe hulazimika kupanda kwa miguu. Sababu ya mahali hapa kuwa pamoja katika orodha moja si giza la misitu peke yake. Mkulima wa Uluguru huteremsha kabichi, karoti na maharage kichwani kwa njia ambayo mvua ikinyesha haipitiki, akafika kwa dalali ambaye anajua kwamba mzigo ule hauwezi kurudishwa mlimani, na kwa hiyo bei ni ile anayoitaka dalali. Bangi ni nyepesi, haiozi, na mnunuzi wake huifuata. Palipo barabara mbovu na zao linalooza, hesabu hiyo hufanywa na mtu yeyote mwenye akili timamu, awe mcha Mungu au asiwe. Faida yenyewe, kadhalika, haikai mlimani: aliye na fungu kubwa ni yule mwenye pikipiki na gari, na aliye na kifungo ni yule mwenye jembe.

Waluguru, fauka ya hayo, wana kumbukumbu yao ya serikali inayopanda mlima kuja kuwaambia namna ya kulima. Mwaka 1955 mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi ulikataliwa, fujo zikazuka Matombo, na damu ikamwagika. Simaanishi kwamba matuta na bangi ni mamoja. Lakini afisa anayepanda leo na panga la kufyeka hakanyagi ardhi isiyo na historia.

Jirani zetu yamewapata hayo hayo. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipoutazama Mlima Kenya kutoka angani mwaka 1999, lilikuta ndani ya msitu wa hifadhi mashamba ya bangi yanayokadiriwa karibu hekta 200, pamoja na matanuri ya mkaa na magogo ya mierezi yaliyokatwa. Na huko California, nchini Marekani, tangu mwaka 1983 helikopta za kampeni ya kuing'oa zilipoanza kuzunguka juu ya vilima vya Humboldt, wakulima walizidi kujificha chini ya miti na kuingia katika misitu ya taifa, wakiacha nyuma mabomba, taka na sumu za panya zilizoua wanyama ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Jicho la juu lilipozidi kuwa kali, mkulima alizidi kuingia ndani, na msitu ndio uliolipa.

Hapa ndipo mtu wa Mabibo aliyekuwa akisoma sura hii kama habari ya watu wa mbali anapoguswa. Maji yatokayo bombani mwake ni ya mto Ruvu, na Ruvu hunywa kwa vijito vya Uluguru. Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipungua hata mgao ukatangazwa mjini, na wanawake wa Mabibo wakapanga foleni za madumu usiku wa manane. Si bangi iliyoukausha mto mwaka ule, ulikuwa ni ukame, na sitaki kuungana na wale wanaobebesha mmea mmoja dhambi zote. Hata hivyo msitu unaofyekwa kando ya chemchemi, pawe pamepandwa nini, ni msitu usioweza tena kuyashika maji ya masika ili uyatoe kiangazi. Na bangi ya siri hutafuta hasa kando ya chemchemi, juu, ndani, mahali ambapo mkulima wa halali wa mahindi asingejisumbua kufika.

Kwa mtembezi mambo haya yana maana ya vitendo. Mgeni mwenye begi kubwa, simu yenye ramani na tabia ya kupiga picha kila kitu, akitokea peke yake kwenye kitongoji cha mlimani, haonekani kama mpenda mandhari. Huonekana kama mpelelezi, au kama mnunuzi, na dhana zote mbili zina hatari zake. Kwa hiyo na aanzie ofisi ya kijiji, amwamkie mwenyekiti, aandike jina lake kitabuni, aeleze aendako, na amchukue kijana wa pale pale amwongoze kwa ujira wa haki. Kijana huyo atajua njia ipi haipitwi wiki hiyo, na akisema "Kaka, huku hapana, tuzungukie kule," mtembezi na azunguke bila kuuliza kwa nini. Akijikuta bila kutazamia mbele ya uwazi uliolimwa katikati ya msitu, na arudi kwa njia aliyojia, asipige picha, asiguse, asikae. Ushujaa hapo hauna thawabu.

Mjadala wa nchi nao haujaisha. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kuipanda na kuivuta kwa faragha kwa matumizi yake mwenyewe, yaani iliurudisha mmea uani ulikotoka. Mwaka 2019 Mbunge wa Kahama Mjini, Jumanne Kishimba, aliliomba Bunge letu lifikirie kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa, na wenzake wengine wakacheka na wengine wakatafakari. Serikali haikubadili msimamo wake, na ina hoja, maana yeyote aliyepata kumsindikiza kijana wa jirani kwenda wodi ya wagonjwa wa akili hatacheka na mvutaji wa miaka 14. Mimi naafiki katazo kwa watoto na siafiki miaka 30 kwa mkulima wa Mbakana, na sioni kwamba maoni hayo mawili yanagombana.

Rwanda, mwaka 2021, ilichukua njia ya tatu: ikaruhusu kilimo kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje, kwa leseni, huku uvutaji ukibaki kosa. Bangi hiyo haihitaji msitu. Kwa mujibu wa masharti, shamba lake ni sharti liwe na uzio wa mistari miwili, minara ya walinzi, taa za usiku, kamera na ving'ora. Na mwenye leseni ni mwenye mtaji wa kuvinunua vyote hivyo. Mkulima wa mlimani, aliyeibeba bangi miaka yote ile ilipokuwa haramu, hana fedha hata za kununua waya wa upande mmoja.